Siku ya Kumi na Tatu

9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, magoti yamekupoa na binti yako ameacha kubishana nawe kuhusu chumvi. Sisi hatujambo, ila shemeji yako mgongo umemshika tena. Fundi magari gani anaingia chini ya gari halafu anashindwa kutoka? Tulimvuta kwa miguu kama gunia. Anakusalimu sana, anasema usicheke.

Mjukuu wangu naye karudi na mtihani wa historia. Swali la nne: "Taja sababu tatu za mgomo wa wanawake wa kiwanda cha nguo." Mtoto akaandika kama nilivyomsimulia: kwamba mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli wakati wa zamu, kwamba moto ulishika mabaki ya pamba, na kwamba mfagiaji wetu alikufa mkono ukiwa bado umeshika kufuli. Mwalimu kampa sifuri. Jibu la kitabuni ni "mabadiliko ya kiuchumi". Nikamwambia, mwanangu, nisamehe, mimi nilikuwepo tu, kitabu sikusoma.

Nacheka, lakini ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita alikuja dukani bwana mmoja wa makamo, amevaa sweta na jua lote lile. Nikadhani anataka sare za watoto. Kumbe ni mtunza nyaraka wa mji. Sisi dukani tumeshampa jina, Bwana Faili. Akanieleza kwamba karatasi zote za mgomo, za polisi na za kiwanda, zilifungwa miaka thelathini, na mwaka huu miaka hiyo inatimia. "Kabla ya thelathini, mama," akasema, "ni maneno ya watu. Ikishatimia, ni historia." Wanataka kuligeuza lile jengo la mashine za kufuma liwe ukumbi wa maonyesho. Amenirekodi siku tatu, nimekaa pale pale kwenye cherehani, na picha yangu ya wakati ule wataikuza iwe kubwa kama mlango. Ile niliyobebwa mabegani. Kiberiti mimi, kama mlivyoniita mgomoni, na mikono yangu myembamba ile!

Kama una picha yoyote ya siku zile, nitumie. Najua ungependa nipige simu, lakini tumeshazoea, simu ni ya misiba.

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu tunapumua. Magoti hayajapoa, yamehamia kiunoni. Binti yangu amepandishwa cheo, sasa anarudi nyumbani amechoka kwa mshahara mkubwa zaidi. Mimi bado naenda asubuhi kupiga pasi mashuka ya hospitali, maana nikikaa kwenye kile chumba changu kimoja nitaanza kuzungumza na pazia. Mpe pole shemeji. Nilicheka, mwambie.

Picha sina.

Sasa nikuambie nilivyozipata habari zako kabla ya barua yako. Barua yako ilichelewa, gazeti likawahi. Nilikuwa nakunja mashuka, ndugu wa mgonjwa mmoja akafungua gazeti mbele yangu, na nani ananitazama? Wewe. Nusu ukurasa. Nikasema, "Huyo ni mdogo wangu." Yule mama akaniangalia aproni, akaniangalia viatu, akasema, "Hongera, dada yako ni shujaa." Dada yangu! Hata ukubwa wangu umeninyang'anya.

Nililisoma gazeti lote nimesimama. Nililisoma tena nimekaa. Umesema "tulianzisha mgomo". Sisi nani? Siku ya kwanza wewe ulikuwa umejibanza nyuma ya marobota, unalia, na hukulaumiwa, ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nani alipanda juu ya robota la pamba? Nani alizima mashine namba moja kwa mkono wake? Waliniita Kengele kwa sababu gani, kwa kuwa nina sauti ya njiwa? Nilisema, "Leo hatufumi hadi kufuli litoke," na wanawake mia mbili wakazima mashine zao, moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia moyo wangu mwenyewe. Haya hayamo. Jina langu halimo hata kwa kukosewa.

Siombi sifa. Lakini mtu kutolewa katika maisha yake mwenyewe, na nduguye wa tumbo moja, hilo ni donge.

Mwambie huyo Bwana Faili arudi na kinasa sauti chake.

Dada yako MKUBWA


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, usinihesabie. Shule zimefunguliwa na wazazi wote wamegundua siku moja kwamba watoto wao wamerefuka. Nimeshona sketi hadi vidole vimevimba. Shemeji yako sasa anatembea, ila kwa heshima, kama bwana harusi. Hongera kwa binti.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nikaificha, nikaitoa, nikaificha tena.

Dada, sikukusahau. Nilikuacha nje kwa makusudi. Bwana Faili aliniuliza wazi, "Nani alizima mashine ya kwanza?" Nikasema, "Zilizimwa zote pamoja." Nilisema hivyo kwa sababu moja. Ningemtaja Kengele, swali linalofuata lingekuwa, Kengele aliishia wapi? Nami ningejibu nini? Kwamba siku ya kumi na saba, wenzake wakiwa wamekaa chini nje ya geti, Kengele alipita katikati yetu na kapu lake la chakula, akaingia kazini peke yake? Wanawake walikuita kwa jina. Hukugeuka.

Mimi naelewa. Mama alikuwa kitandani, dawa zilikuwa zinakwisha, na wewe ndiye uliyekaa naye. Nimewaambia hivyo wenzetu miaka yote. Waliposema "msaliti" nilisema "mama yetu alikuwa mgonjwa". Nimesema hivyo sokoni, nimesema kanisani, nimesema kwenye foleni ya maji. Mrefu, mwenzetu wa mgomoni, aliwahi kunijibu, "Na sisi mama zetu walikuwa wa mawe?" Tukanuniana naye miaka minne kwa ajili yako.

Mgomo uliisha siku ya kumi na tisa, kumi na mmoja tukafukuzwa. Wewe ukabaki, halafu ukahamishiwa tawi la mbali, ukapewa usimamizi. Bado nilisema ni kwa ajili ya mama. Kwa hiyo usiseme nimekunyang'anya. Nimekufunika. Acha ikae hivyo. Mwezi wa nne wanafungua masanduku ya zile karatasi, na baada ya hapo watu watasahau, kama kawaida.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata. Nyumbani wazima. Hapa mvua imenyesha siku nne, mashuka hayakauki, tunayakausha kwa pasi na kwa maombi.

Mimi si sufuria, wewe mtoto, hata unifunike. Na huruma ya kutangazwa kwenye foleni ya maji siitaki. Kumbe miaka yote hii, kila aliyenisikia kutoka kwako alisikia mambo mawili: kwamba niliingia getini na kwamba wewe ni mwema. Hayo ni mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuhusu siku ya kumi na saba sina la kuongeza. Mama alikuwa mgonjwa, unajua.

Nisichotaka ni wewe kuchagua ninachokumbukwa nacho. Ukiniacha nje, wajukuu wangu watasoma kitabuni kwamba mgomo wote ulikuwa msichana mmoja aliyebebwa mabegani. Hiyo picha yenyewe ni ya siku ya kumi na tatu! Siku kumi na mbili kabla ya hapo nani alikuwa anasema? Nani alipanga zamu za kukaa getini? Nani alikwenda kwa mume wa yule mfagiaji, kumwambia mkewe hatazikwa kimya kimya? Wewe ulikuja tu na wimbo. Ulikuwa na umbo dogo, ulikuwa na meno mazuri, mpiga picha akakuona. Basi, historia hiyo.

Kwa hiyo nimefanya hivi, na usikasirike. Nimemwandikia Bwana Faili mimi mwenyewe. Kurasa nane, mbele na nyuma, kwa mkono wangu. Nimemweleza kila kitu tangu mashine ya kwanza. Barua niliipeleka posta kwa miguu yangu hii mibovu, nikasubiri mpaka nikaona inapigwa muhuri.

Tutaona nani ataandikwa.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Sina habari nyingine za nyumbani leo.

Masanduku yamefunguliwa. Bwana Faili aliniita niende kumsaidia kutambua majina. Ni chumba kidogo chenye meza ndefu na feni inayolia. Amevaa glavu nyeupe kama mtu wa kuosha maiti. Akanitolea karatasi moja, ya mistari, iliyochanwa kwenye daftari. Imebandikwa kwenye taarifa ya Meneja ya siku ya kumi na sita. Haina sahihi. Ina majina kumi na moja. Mrefu ni wa kwanza. Mama Pacha ni wa tatu. Mimi ni wa saba.

Unajua, tulijiuliza miaka yote. Kamati ya mgomo ilikuwa ya siri, tulikutana kila mara nyumba tofauti, lakini Meneja alitufukuza sisi kumi na mmoja kwa majina, hakukosea hata mmoja, na hakugusa mtu mwingine. Tulimshuku mlinzi wa geti. Yule mzee alikufa watu hawamsalimii. Mimi mwenyewe nilikuwa navuka barabara nikimwona.

Bwana Faili akaniuliza, "Mama, mwandiko huu unaufahamu?"

Dada, nimesoma mwandiko wako miaka thelathini. Naijua hiyo "m" yako yenye mkia, naijua "k" yako inayoegemea jirani yake. Ningeutambua gizani kwa kupapasa.

Na upande wa kulia wa Bwana Faili, kwenye trei, kulikuwa na kurasa zako nane.

Nikasema, "Siufahamu."

Nilimdanganya mtu ambaye kazi yake ni kutunza ukweli. Yeye akaandika "haujatambuliwa" kwa penseli, akaenda kuchemsha maji ya chai. Sijui ni lini ataziweka karatasi hizo mbili pamoja. Labda keshaziweka. Ungeacha nikufunike, dada, asingekuwa na herufi yako hata moja.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tuliofuma nguo tulipaswa kujua zaidi ya wote.

Usiniambie kuhusu mama.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu, ingawa sijui kama utaipokea salamu. Nimeanza barua hii mara tatu nikachana. Ya kwanza nilikutukana. Ya pili nilijitukana, lakini kwa namna ya kutaka unionee huruma. Ya tatu ilikuwa kuhusu mama. Hii ya nne nitaiandika hadi mwisho, na sitairudia kuisoma.

Mama alikuwa mgonjwa, ni kweli. Lakini siku ya kumi na sita alikuwa na nafuu. Alikunywa uji akamaliza, akaniuliza mbona nimenuna. Dawa zilikuwepo. Kwa hiyo mtoe mama.

Nitakuambia kuhusu siku ya kumi na tatu. Asubuhi ile sauti yangu ilikuwa imekwisha. Siku kumi na mbili nimepiga kelele juu ya lile robota, koo likawa kama msasa. Wanawake walikuwa wamechoka, wengine wameanza kuangalia geti kwa jicho la njaa. Nikapanda, nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Ndipo ukaanza kuimba wewe, huko nyuma. Hukuniomba ruhusa. Uliimba maneno yale ya kuchekesha kuhusu tumbo la Meneja, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wakakuinua. Mrefu na Mama Pacha ndio waliokubeba. Walipita mbele yangu. Mama Pacha aliniambia, "Shuka basi, Kengele, umpishe mtoto apande." Hakuwa na ubaya. Alikuwa anacheka.

Nikashuka.

Wewe ulikuwa mdogo wangu. Nilikuogesha. Nilikuombea kazi pale kiwandani, nikakufundisha kufunga uzi uliokatika bila kusimamisha mashine. Na siku ile nilikuangalia juu ya mabega ya watu, nikaomba uanguke. Nimeandika hivyo na sifuti. Niliomba uanguke.

Siku tatu nilikaa nikisikia jina lako. Kiberiti kasema hivi, Kiberiti ataimba saa ngapi. Kwenye kamati nikitoa wazo walikugeukia wewe kwanza, wakuone unasemaje. Wewe hukuona. Au uliona, sijui. Siku ya kumi na sita nikaenda kwa Meneja, mchana, mlango wa ofisi uko wazi. Hakuniita mtu. Alikuwa anakula machungwa.

Akasema, "Kengele mwenyewe! Umekuja kujadiliana?"

Nikasema, "Nimekuja kumwondoa mtu mmoja."

"Nani?"

Niliona aibu. Si aibu ya kukusaliti, hapana, aibu ya yeye kuujua wivu wangu. Ningesema jina moja, la mdogo wangu, hata yule mtu angenielewa na angenidharau. Nikamwomba karatasi. Akachana kwenye daftari lake. Nikaandika majina kumi na moja ili lako lisionekane. Nililiweka la saba, kwa sababu wa saba hatazamwi. Mrefu, Mama Pacha, wale wote, niliwaandika kama mtu anayeficha jiwe ndani ya mchele.

Nilidhani mtasimamishwa wiki moja. Meneja alisoma, akafuta vidole, akasema, "Kesho ingia kazini, tuwe na uhakika." Ndiyo siku ya kumi na saba. Sikugeuka mliponiita kwa sababu kati ya sauti zote nilisikia yako.

Yule mlinzi wa geti nilisikia alivyoishi. Uliniandikia mwenyewe, mwaka wa nane au wa tisa, kwamba amekufa na mazishi yalikuwa ya watu sita. Nilikujibu habari za mvua.

Sasa barua hii ni yako. Ukitaka kuichoma, choma. Ukitaka kumpelekea Bwana Faili, mpelekee, aongeze kwenye zile nane. Nataka nikuambie nimetubu, lakini nitakuwa mwongo nikisema yote yameisha. Juzi nililitoa lile gazeti nikaitazama picha yako, na pamoja na kila kitu, nikaona gere.

Dada yako


20 Agosti

Dada,

Shikamoo. Ndiyo, nimekuamkia. Mama alitulea hivyo, haina maana nyingine.

Shemeji yako yuko salama. Nilimwambia kila kitu. Alikaa muda mrefu anasafisha spana ambayo haikuwa chafu, halafu akasema, "Mimi nisingekupata kama ungebaki kiwandani." Wanaume! Nilimrushia kitambaa.

Barua yako ilikaa kwenye droo ya vifungo wiki sita. Kila nikitafuta kifungo naiona. Nilikuwa nakuchukia asubuhi, mchana kazi zinanisahaulisha, jioni nakuchukia tena. Baadaye nilianza kukumbuka mambo yangu, na hayo ndiyo yaliyoniudhi zaidi.

Umeniuliza kama niliona. Niliona, dada. Waliponiinua siku ile, kitu cha kwanza nilichotafuta ni uso wako. Maisha yangu yote nilikuwa mdogo wake Kengele. Nguo zangu zilikuwa zako, viatu vyangu vilikuwa vyako, hata kazi ilikuwa yako kabla ya kuwa yangu. Nilitaka unione niko juu. Nilikuona umeshuka kwenye robota na nikaimba kwa sauti zaidi. Na huyu Bwana Faili aliponiwekea kinasa sauti, nilipomwambia "zilizimwa zote pamoja", nilikuambia nilikuwa nakulinda. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ilikuwa tamu. Siku tatu nilisimulia mgomo ambao wewe humo, na nililala vizuri.

Lakini mimi sikuandika majina ya watu.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Waliobaki hai katika wale kumi na mmoja tuko wanane. Niliwaita wote saba dukani siku ya Jumapili, nikafunga mlango, nikaisoma barua yako yote kwa sauti. Hata ile ya jiwe ndani ya mchele. Mama Pacha alilia. Unajua wanawe wale pacha waliacha shule mwaka ule aliofukuzwa, mmoja hakurudi tena. Alisema, "Mimi nilimwambia shuka basi. Nilikuwa natania." Alirudia hivyo mara nyingi mpaka tukamshika mkono. Mwingine akasema mzee wa geti aliwahi kumwomba maji, akamnyima.

Mrefu hakulia. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Akaniuliza, "La kwanza ni jina la nani?"

"Lako."

"Aliniandika mimi wa kwanza, na hata hakuwa ananichukia?"

"Ndivyo anavyosema."

"Angenichukia ingekuwa afadhali," akasema Mrefu.

Kesho yake tukaenda wote kwa Bwana Faili. Nilimwambia nilimdanganya, mwandiko naufahamu. Akavua miwani. Akasema, "Najua, mama. Niliziweka pamoja tangu mwezi wa tano. Nilikuwa nakusubiri." Miezi mitatu alisubiri yule bwana na sweta lake! Akatuonyesha sehemu ya ukuta aliyoiacha wazi. Anataka kuweka ile orodha pale, na chini yake maelezo: nani aliandika na kwa nini. Maonyesho yanafunguliwa mwezi wa kumi. Akasema sasa ukweli umekamilika, faili lina kila kitu, miaka imetimia, ni historia.

Mrefu akamjibu, "Bado."

Bwana Faili akasema, "Lakini mama, miaka thelathini..."

"Hiyo ni hesabu ya karatasi. Sisi tuko hai, na yeye yuko hai, ana nauli na ana mdomo. Hatujamuuliza lolote. Mkishambandika hapo atakuwa amekwisha jibu, nasi tutakuwa tumekwisha uliza. Aje kwanza."

Wote wakakubali. Nami nikakubali. Hawakusema watakusamehe, na usinisomee kitu ambacho sikuandika: hata mimi sijasema. Tunasema njoo. Kisha tutamwambia Bwana Faili aandike nini, na kama atataja nani alizima mashine ya kwanza, atataja, kwa sababu ulikuwa wewe.

Mdogo wako


3 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Binti yangu amenikatia tiketi. Nilimweleza sababu ya safari, ilinichukua jioni mbili. Aliniwekea viatu vya kutembelea mlangoni, vile laini, bila kugombana. Hospitali wamenipa ruhusa ya siku kumi.

Nitashuka stendi Jumatano, saa nne asubuhi. Sitafikia kwako, tafadhali usiandae kitanda. Kuna nyumba ya wageni karibu na posta, nitalala huko hadi wenyewe mtakaponiambia vinginevyo.

Mwambie Mrefu nitaanza kwake. Mwambie Mama Pacha hakukosea chochote, lakini usimwambie kwa maneno yangu, niache nimwambie mwenyewe. Uliza pia kama yule mzee wa geti aliacha watoto, na kama wanaishi hapo mjini. Na kwao nitakwenda.

Jana nilijaribu kupanga nitakachosema, nikajikuta napanga na mahali pa kusimama, na nani awe kulia kwangu. Nikaacha. Sitapanda juu ya kitu. Nitasema ni mimi, halafu nitanyamaza, nao waulize.

Dada yako